Barua ya Msaada wa Fedha Kutoka Chuoni: Isome Ukiwa na Kalamu Mkononi

Vyuo vingi vya Marekani humtaka mwanafunzi aliyekubaliwa ajibu ifikapo Mei 1. Kabla ya hapo barua za msaada wa fedha huwa zimeshafika, na hapo ndipo familia nyingi huteleza: hutazama jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa, zikachagua chuo chenye jumla kubwa. Jumla hiyo mara nyingi huchanganya fedha za bure na madeni. Mwaka 2022 GAO, ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama haviandiki gharama halisi itakayobaki kwa mwanafunzi, ama huiandika ikiwa ndogo kuliko ilivyo. Kwa hiyo hesabu hii ifanye mwenyewe, mzazi na mwanao mkiwa meza moja.

Anza na gharama yote ya mwaka mmoja. Isiwe ada ya masomo peke yake, bali pia michango ya lazima, malazi, chakula, vitabu, nauli na matumizi binafsi. Barua ikitaja ada tu, tafuta gharama kamili kwenye tovuti ya chuo. Nauli irekebishe kulingana na umbali wenu. Angalia pia bima ya afya: vyuo vingi huiweka kwenye ankara moja kwa moja, lakini mwenye bima inayokubalika anaweza kujaza fomu iondolewe. Fomu hiyo ina tarehe ya mwisho, na asiyeijaza hulipa.

Kisha pitia mistari ya msaada mmoja mmoja, na pembeni ya kila mmoja andika herufi: B kwa fedha za bure, D kwa deni, K kwa kazi.

B ni ruzuku na skolashipu. Ruzuku ya serikali ya Pell, kwa mfano, haizidi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2025–26. K ni nafasi ya kufanya kazi chuoni. Fedha hizo hazipunguzi ankara ya mwanzo wa muhula, kwa sababu mwanafunzi hulipwa mshahara kadiri anavyofanya kazi, na kazi yenyewe lazima aitafute. D ndiyo inayohitaji macho makali. Mwaka 2018 mashirika ya New America na uAspire yalichunguza barua za mamia ya vyuo, yakakuta mkopo wa aina moja tu umepewa majina 136 tofauti, na 24 kati ya hayo hayakuwa na neno mkopo kabisa. Ukiona mstari umeandikwa “Direct Unsub” au “PLUS”, hilo ni deni. “Sub” nalo ni deni, ila serikali hulipa riba yake mwanafunzi akiwa bado masomoni.

Sasa toa B peke yake kwenye gharama yote. Tuseme chuo cha kwanza kinagharimu dola 62,000 na barua inajivunia msaada wa 58,000. Ukipanga herufi unakuta ruzuku 30,000, kazi 2,500, mkopo wa mwanafunzi 5,500 na mkopo wa mzazi 20,000. Kinachobaki kwenu ni 32,000, si 4,000. Chuo cha pili kinagharimu 41,000 na barua yake inaonyesha 19,500 tu: ruzuku 14,000 na mkopo 5,500. Kinachobaki ni 27,000. Barua iliyoonekana nyonge ndiyo yenye nafuu, kwa dola 5,000 kila mwaka.

Kuzidisha kinachobaki kwa miaka 4 ya masomo ni mwanzo tu, kwani mwaka wa kwanza huweza kudanganya. Iulize ofisi ya msaada wa fedha kwa barua pepe, ili majibu yabaki kwenye maandishi: Ruzuku hii ni ya miaka yote minne au ya mwaka wa kwanza? Skolashipu inahitaji wastani gani wa alama, na ukishuka muhula mmoja kuna nafasi ya kurekebisha? Ada ikipanda, skolashipu nayo inapanda? Mwanafunzi akipata skolashipu ya nje, mtapunguza mkopo wake au ruzuku yenu? Swali hili la mwisho husahaulika sana, na lina uzito: kuna vyuo vinavyokata ruzuku yao kwa kiasi kile kile, mwanafunzi akabaki alipokuwa.

Kuhusu deni, mwanafunzi anayehesabiwa kuwa chini ya wazazi wake anaweza kukopa serikalini dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili na 7,500 wa tatu na wa nne. Jumla ni 27,000. Kiasi hicho wengi hukimudu. Mkopo wa Parent PLUS ni jambo jingine: ni deni la mzazi, na chuo kikiuweka kwenye barua hakijakupa chochote. Kwa wakopaji wapya, kuanzia Julai 1, 2026, una kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mwanafunzi. Kama mpango wenu unasimama tu kwa mkopo huo, tunashauri mtafute chuo kingine.

Hesabu ikikataa, omba chuo kiupitie upya msaada wenu. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali, hutumia mapato ya miaka miwili nyuma (ya 2026–27 inasoma mapato ya 2024), kwa hiyo aliyepoteza kazi au kulemewa na gharama za matibabu baada ya hapo bado huonekana ana uwezo. Barua ya ombi isizidi ukurasa mmoja: nini kimebadilika, lini, kwa kiasi gani, na vielelezo vyake, kama barua ya kuachishwa kazi au risiti za hospitali. Taja kiasi mnachoweza kulipa. Ombi la “tunaomba mtuongezee” lisilo na tarakimu humwacha ofisa bila cha kushika. Kama chuo kingine kinachofanana na mnachokipenda kimetoa msaada bora zaidi, ambatanisheni barua ya kile kingine.

Washauri wa shule, waombeni wanafunzi walete barua zote pamoja mara zinapofika. Ombi lililotumwa Aprili 28 ni vigumu kujibiwa kabla ya Mei 1. La wiki ya kwanza ya Aprili lina nafasi.