Jinsi ya kupima moshi unaouvuta wewe mwenyewe, na kuupunguza

Takwimu ya hewa inayoonekana kwenye simu ni ya mahali kipimo kilipofungwa. Haijui kama asubuhi umeipitisha ufukweni Nyali, Mombasa, au umesimama nyuma ya trela pale Changamwe, wala haijui umewasha nini jikoni. Kinachokuingia mapafuni kinategemea mambo mawili: wingi wa chembe katika hewa ya pale ulipo, na saa ulizokaa pale. Yote mawili yanapimika kwa siku tatu, kwa kifaa kidogo na daftari.

Chembe zenyewe huandikwa PM2.5, maana upana wake haufiki maikromita 2.5, unywele mmoja una kama 70. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni. Hizi hupita hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa huingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara hayaishii kwenye kikohozi na pumu: mishipa ya damu huathirika, na vifo vingi vinavyotokana na moshi ni vya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo, na wa saa 24 usizidi 15.

Vifaa vya mkononi hutumia leza. Feni ndogo huvuta hewa, mwanga hugonga chembe, na kifaa hukadiria wingi kutokana na mng'ao wake. Kiwashe dakika moja kabla ya kusoma. Kishike usawa wa pua ya anayehusika. Kwa mtoto anayecheza sakafuni, usawa huo ni sakafuni. Kikiwa ndani ya mkoba hakipimi chochote. Soma kila baada ya dakika tano, halafu tafuta wastani.

Hapa Pwani kifaa hiki hudanganyika. Chembe za chumvi ya bahari hunyonya unyevu na kuvimba, zikang'aa kuliko kawaida, kifaa kikasoma zaidi ya kilichopo. Unyevu ukipita asilimia 80, jambo la kawaida usiku Mombasa, usihangaike na tofauti ndogo. Linganisha ndani na nje kwa saa ile ile, uone tofauti kubwa tu. Mvuke nao humchanganya mpimaji: ukifunua sufuria ya wali karibu na kifaa, namba hupanda hata kama hakuna moshi. Kiweke kando, mita moja au zaidi.

Sasa daftari. Kila mahali andika saa ulizokaa, zidisha kwa wastani uliousoma pale, jumlisha, kisha gawanya kwa 24. Tuseme mama mwenye duka kando ya barabara Magongo amepata hivi: usingizi saa 8 kwa 20, jikoni saa 2 kwa 300, dukani saa 9 kwa 45, safarini saa moja na nusu kwa 80, jioni nyumbani saa tatu na nusu kwa 25. Jumla ni 1,372.5, na wastani wa siku ni 57. Jiko lenyewe, kwa saa 2 tu, limechangia 600, karibu nusu ya mzigo wote, ingawa lawama zote huwa za malori. Kwa hiyo anzia jikoni.

Jiko la makaa hutoa moshi mwingi zaidi linapowashwa, kabla makaa hayajashika vizuri. Liwashie nje, upande ambao upepo hautaurudisha moshi mlangoni, na lisiingie ndani mpaka makaa yamekuwa mekundu na kuvaa jivu jeupe. Usiwashie plastiki wala kipande cha tairi. Sumu yake ni zaidi ya masizi. Makumbi ya nazi hufuka sana, tumia vijiti vikavu vyembamba. Jambo la kushika hapa ni kwamba kaa jekundu lisilo na moshi bado linatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua. Jiko lisilale chumbani na watu, hata likiwa na kaa mbili. Fungua madirisha ya pande mbili, kwa sababu tundu moja halipitishi upepo. Gesi hupunguza moshi mno, ila mafuta ya kukaangia viazi karai au mahamri yakianza kufuka, namba itapanda vile vile: punguza moto.

Halafu udi. Chetezo kimoja katika chumba kilichofungwa kinaweza kuipandisha namba hadi mamia. Si lazima kuacha kuvukiza. Vukiza nguo na nyumba watoto wakiwa uani, toa chetezo nje, acha madirisha wazi nusu saa. Mwenye pumu asikae humo. Dawa ya mbu ya kuwasha ni mbaya zaidi, kwa kuwa huwaka usiku kucha karibu na kitanda: utafiti wa mwaka 2003 ulikuta koili moja hutoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua chenye dawa hakitoi chochote.

Barabarani, umbali ndio dawa. Subiri matatu hatua kadhaa nyuma ya lami, na ukiwa kwenye bodaboda au tuktuk, mwambie dereva asijibanze nyuma ya bomba la lori. Ukitafuta chumba, kumbuka kaskazi huja kutoka kaskazini mashariki na kusi kutoka kusini mashariki; nyumba iliyo magharibi ya barabara kuu hupokea moshi misimu yote miwili. Barakoa ya N95 husaidia ikibana pande zote; ndevu huipitishia hewa. Leso, nikabu na kitambaa kilicholoweshwa haviziwezi chembe hizi.

Badilisha jambo moja kisha upime tena, usibadilishe mambo matatu kwa pamoja. Yule mama akishusha jiko lake hadi 60, wastani wake unakuwa 37 bila lori hata moja kuondoka. Kabla ya kila duru puliza tundu la kifaa taratibu: buibui na chumvi huziba feni, kikaanza kusoma chini, na ukadhani hewa yako imesafika.