Namna ya Kulitumia Ipasavyo Neno la Kiingereza "Belittle"

"Belittle" ni kitenzi chenye maana ya kumfanya mtu, kazi yake au juhudi zake zionekane duni kuliko zilivyo. Kwa Kiswahili, kitenzi kinachokikaribia zaidi ni kudunisha, ingawa kubeza nako hufaa pale ambapo dharau imetamkwa kwa maneno. Mtu wa kwanza anayejulikana kulitumia neno hili ni Thomas Jefferson wa Marekani, katika miaka ya 1780, alipokuwa akimpinga Buffon, mwanasayansi wa Ufaransa aliyedai kwamba wanyama wa Amerika ni wadogo na dhaifu kuliko wa Ulaya. Jefferson alizungumzia udogo wa maumbile. Siku hizi neno linahusu hadhi na thamani.

Kitenzi hiki hudai yambwa, kwa hiyo ni lazima utaje aliyedunishwa au kilichodunishwa, na usikifuatishe "about" wala "on". Andika "He belittled my work", basi.

Panapohitaji uangalifu mkubwa ni kukitofautisha na "despise". Hapa Uganda, hasa kwa sisi tuliozoea kusikia okunyooma katika Kiluganda, ni rahisi kuandika "despise" kila tunapodharauliwa, ilhali neno hilo hutaja chuki au dharau iliyomo moyoni, ambayo mwenye nayo anaweza kuishi nayo miaka mingi asiitamke. "Belittle" ni tendo: pana kauli, kicheko au ishara iliyotolewa. Tofauti hii ina uzito kwa yeyote anayeandika barua ya malalamiko kazini, kwa sababu mkubwa wa kazi hawezi kuuchunguza moyo wa mtu, lakini anaweza kuwauliza mashahidi ni maneno gani yalisemwa.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa darasa la kwanza mjini Arua ambaye mwalimu mkuu amemwambia mbele ya wenzake kwamba kufundisha watoto wadogo si kazi ya kumchosha mtu. Mwalimu huyo hakutukanwa, kwa hiyo "insult" halimfai sana. Kazi yake ndiyo iliyodunishwa, na sentensi iliyo sahihi ni "The headteacher belittled my work in front of my colleagues", ikifuatwa na maneno yenyewe yaliyosemwa. Akiandika "I felt belittled", ataeleza hisia zake bila kumshtaki mtu moja kwa moja, jambo ambalo wakati mwingine ni la busara zaidi. Lakini kama mwalimu mkuu amesema tu kwamba andalio la somo halina malengo, hapo hakuna aliyedunishwa, na kuuita ukosoaji huo kwa neno hili ni kumwonea aliyesema.

Mtu anaweza pia kujidunisha mwenyewe, na rafiki humwambia "Don't belittle yourself". Kauli yenye dharau huitwa "a belittling remark"; nomino "belittlement" ipo, ila haisikiki sana katika mazungumzo. Mkazo huangukia silabi ya pili, ambayo pia ndiyo ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili. Katika maandishi, herufi "t" ni mbili, na "e" ya mwisho hudondoshwa unapoongeza "-ing".