Kabla ya kununua filamu, kagua mvukuto

Ukipata kamera ya kale ya mbao, zile za Uingereza kama Thornton-Pickard zenye mahogani na shaba, usianze na kung'arisha mbao. Anza na mvukuto, ile ngozi ya mikunjo kati ya lenzi na kioo cha nyuma cha kutazamia picha. Ndio unaoharibu picha nyingi kuliko lenzi.

Subiri usiku, zima taa, uvute mvukuto hadi mwisho, kisha ingiza tochi ndogo ndani. Macho yakishazoea giza, zunguka polepole. Vitundu huwa kwenye pembe za mikunjo, maana ndiko ngozi inakosuguana. Kila unapoona mwanga, tia alama ya chaki.

Ziba kwa rangi nyeusi ya kitambaa inayobaki laini ikikauka, tabaka jembamba mara mbili. Uache ukauke ukiwa umevutwa. Ukiukunja mbichi mikunjo itagandana, na kuibandua ni kuichana. Solotepu ya umeme sikushauri kabisa: ni nene, na mvukuto haufungiki vizuri.

Ukianza kupiga, kumbuka kuwa mvukuto ukivutwa mbali mwanga hupungua. Pima toka lenzi hadi kioo. Kwa lenzi ya milimita 210 (urefu wake wa fokasi), mvukuto ukivutwa hadi milimita 300, gawanya 300 kwa 210, jibu lizidishe kwa lenyewe: unapata kama 2. Basi kipimo cha mwanga kikisema sekunde 1, wewe acha lenzi wazi sekunde 2.