Kuchagua kabureta mbadala ya injini ya petroli ya ndege ya modeli

Kabureta mbili zinaweza kufanana kama mapacha, zikakaa kwenye bolti zilezile, moja ikarusha ndege na nyingine ikashindwa hata kuvuta petroli kutoka kwenye tenki. Mimi niliwahi kununua hiyo ya pili. Injini yangu ya cc 26, ya kuchanganyia oili, iliwaka kwa matone niliyoyadondoshea mdomoni mwa kabureta, ikanguruma sekunde kumi hivi, ikazima. Nilishinda nayo mchana kutwa. Kisa kilikuwa kitundu kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, nacho nitakieleza kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 1: Hakikisha ya zamani imekufa kweli

Fungua vifuniko vyote viwili. Diaframu, yaani utando mwembamba wa ndani, ikiwa na afya ni laini, ukiibonyeza inanesa bila sauti. Ikilia kama karatasi kavu, imekauka, na pakiti ya diaframu na gasketi itakutoa kwa bei ndogo kuliko kabureta. Angalia pia kile kichujio cha wavu chini ya kifuniko cha pampu. Nimeshakuta uchafu wa tenki umekiziba chote huku mwenye ndege ameshaagiza kabureta mpya.

Kinachohalalisha kununua ni ekseli ya kipepeo, kile kijiti kinachozungusha kibamba cha kufungua na kufunga njia ya hewa, kucheza ndani ya matundu yake. Hewa ikipita hapo, hakuna nidili (skrubu ya kurekebisha petroli) utakayoizungusha injini ikatulia.

Hatua ya 2: Soma namba iliyogongwa kwenye mwili

Kabureta za kampuni ya Walbro hubeba herufi na namba. Herufi, kwa mfano WT, zinataja familia ya umbo tu. Namba inayofuata ndiyo yenye siri zote: upana wa koo (njia ya hewa katikati), jeti (kitundu cha kupimia petroli), upande wa mkono wa akseli (wa kuongeza na kupunguza mwendo), choki. Kwa hiyo "nimepata WT" bado si jibu. Zama, kampuni nyingine, nao wana mtindo wa namna hiyo, mfano familia ya C1U. Ukiipata namba ileile, nunua, ruka hadi hatua ya 7. Kabureta za kuiga mara nyingi hazina namba yoyote. Hizo zipime kwa mkono wako kabla hujalipa.

Hatua ya 3: Tafuta tundu la pigo

Kabureta ya aina hii haina bakuli wala boya kama ya pikipiki, ndiyo maana ndege hugeuka tumbo juu na injini isizime. Badala yake ina pampu ya diaframu, na pampu hiyo haina mota. Inasukumwa na pumzi za chumba cha krenki, chini ya pistoni: pistoni ikipanda, mgandamizo wa chini unapungua, ikishuka, unaongezeka. Pigo hilo linafika kwenye kabureta kwa njia mbili. Ama linapita kwenye tundu dogo usoni, pale kabureta inapokutana na injini, ama linakuja kwa mpira mwembamba hadi kwenye nipeli (kimdomo cha kuchomekea mpira) ya pembeni.

Chukua gasketi ya zamani, ilaze kwenye uso wa kabureta mpya, uinue kwenye mwanga. Tundu kubwa la katikati, mawili ya bolti, na lile dogo la pigo, yote yaonane. Fanya hivyohivyo kwa kile kipande cheusi cha kuzuia joto kati ya kabureta na injini. Yangu ilikuwa na tundu la pigo upande wa pili wa koo, gasketi ikalifunika kabisa. Bolti hazikunionya, maana zenyewe ziliingia vizuri.

Usidanganyike kwamba utatoboa mwenyewe. Ukikosea milimita chache unaingia kwenye njia ya petroli.

Hatua ya 4: Pima koo

Pima kwa venia (kipimio cha milimita chenye taya) mahali palipo pembamba zaidi ndani, wala si mdomoni. Toka milimita 11 hadi 13 unaona ni kitu kidogo, lakini eneo la kupitisha hewa linakua kwa karibu asilimia 40. Koo likiwa kubwa mno, hewa inakwenda polepole, haivuti petroli sawasawa, na injini inakwama kila ukipandisha akseli toka mwendo wa chini. Likiwa dogo mno unapoteza nguvu za juu tu. Nikilazimika kuchagua kati ya hizo mbili, nachukua dogo. Ndege isiyokwama wakati wa kutua ni bora kwangu.

Hatua ya 5: Kagua nidili

Unataka mbili, L ya mwendo wa chini na H ya mwendo wa juu, zote zinazozunguka kwa uhuru. Kabureta nyingi za mashine za kufyekea nyasi zina jeti ya juu isiyorekebishika, au vifuniko vya plastiki vinavyozuia nidili isizunguke. Na ukiokota ya chensoo kwa fundi wa mbao, uliza kama ina vali ya kudhibiti kasi. Hiyo huongeza petroli injini ikikimbia sana, nawe utahangaika na H bila mafanikio.

Hatua ya 6: Mkono na skrubu

Mkono wa akseli uwe upande wa servo, kimota kinachouvuta. Springi ya kurudisha ikiwa ngumu, ilegeze, servo isichoke. Skrubu za kipepeo zitie gundi ya kuzuia skrubu zisilegee: ikifunguka moja, inamezwa na injini.

Hatua ya 7: Funga na uwashe

Funga nidili taratibu hadi zikae, usikaze, kisha fungua kila moja mzunguko mmoja na nusu. Ifunge ndege mkia kwenye kigingi. Rekebisha ukiwa nyuma ya propela, hata kama mkono unafika kwa shida.

Anza na L hadi mwendo wa chini utulie na akseli ipande bila kusita. Ndipo uende H, ukitoka kwenye petroli nyingi kuelekea chache. Injini ya oili ikikosa petroli inakosa na kilainishi. Ukiwa kwenye kasi ya juu, zima, inua pua ya ndege juu, mtu mwingine aishike imara, washa tena, urudi kasi ya juu. Kasi ikishuka, fungua H kidogo.

Injini ikiwa nzuri ardhini na kubadilika hewani, tazama kitundu kwenye kifuniko cha diaframu ya chini, ile isiyo ya pampu. Upepo wa propela unaokigonga unaisukuma diaframu. Chomea hapo kibomba cha shaba, uvute mpira hadi ndani ya bodi ya ndege ambako hewa imetulia.