Mgeni aliyekimbia vita akibisha hodi kwako

Nina kiduka cha kopi na saiba hapa Majengo, na nusu ya kazi yangu ni kuwajazia watu fomu. Mombasa ni bandari, watu kushukia kwetu si jambo geni. Mwaka 1991 Wasomali walikuja kwa majahazi wakapelekwa Utange na kambi nyinginezo. Januari 2001 Wapemba wakavuka hadi Shimoni. Wa leo pengine kashuka basi la Garissa tu, lakini ya kumfanyia ni yale yale.

Siku ya kwanza mpe maji ya kuoga, chakula na pa kulala. Usimwulize yaliyomfika. Atayaeleza mbele ya maafisa, tena si mara moja. Hana haja ya kuanzia jikoni kwako.

Kesho yake, karatasi. Zilizolowa zibandue polepole, uzianike kivulini juu ya kanga kuukuu. Usipige pasi, wino wa muhuri utatambaa. Zikikauka, zipige picha kwa simu mbele na nyuma, maana mihuri mingine hupigwa nyuma, kisha toa kopi. Zile zenyewe abaki nazo yeye. Usimwekee, hata kama kabati lako lina kufuli.

Sasa jina, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Msomali hutaja jina lake, la babake na la babu yake. Hana jina la ukoo la kujaza kwenye kile kisanduku cha mwisho. Kwao huandikwa Xasan, Cumar. Karani wetu akisikia anaandika Hassan, Omar, na mtu mmoja ashakuwa wawili kwenye mafaili. Mwandikie yote matatu kwenye kadi, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye cheti chake, aionyeshe kila dirisha atakalosimama. Kama hana cheti, achague mwandiko mmoja na asiuache.

Kisha msindikize akajiandikishe kwa idara ya serikali ya huduma kwa wakimbizi. Msichelewe: sheria inamtaka ajitokeze ndani ya siku 30 tangu aingie nchini. Huenda akaelekezwa kambi ya Dadaab au ya Kakuma, basi mwambie mapema asije akadhani umemtosa. Kujiandikisha ni bure. Anayedai "ya chai" ni mwizi, awe amevaa tai au kikoi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza kumrudisha mtu kule anakokimbia hatari. Akitishiwa kurudishwa, shirika la msaada wa kisheria liitwalo Kituo cha Sheria lina ofisi hapa mjini na ushauri wake haulipiwi. Kama amepotezana na jamaa zake, Msalaba Mwekundu huwatafuta, nao hawatozi kitu.

Halafu kuna dalali. Huyu haji mchana. Atasema ana gari la kupitia Lunga Lunga, Tanga, mpaka Afrika Kusini, alipwe nusu sasa na nusu mkifika. Mwambie mgeni wako habari ya Machi 2020: Wahabeshi 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena kwenye lori huko Tete, Msumbiji. Mwambie waziwazi, usimpambie.

Na akiwa ni mtoto aliyekuja peke yake, hayo yote ya juu yaache kwanza. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, siku hiyo hiyo, na usimkabidhi kwa yeyote anayejiita ami yake mpaka afisa wa watoto afike.