Kabla hujatoka na rafiki yako kuzunguka Dar kwa pesa kidogo

Dar es Salaam inazungukika kwa pesa kidogo, mradi mmejipanga. Wengi hawajipangi. Wanakutana Posta saa sita mchana, jua la utosi, mmoja ana njaa, mwingine kavaa viatu vya mchuchumio, hakuna anayejua waanzie wapi, na ikifika saa nane wameshagusa nauli ya kurudi. Haya myasome jana yake, msisubiri mfike kituoni.

Kwanza siku. Kama mnataka kuyaangalia majengo ya zamani ya mjini kati, nendeni Jumapili asubuhi, maana mitaa iko wazi na mnaweza kusimama katikati ya barabara mkainua shingo bila kupigiwa honi. Kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu yalijengwa enzi za Wajerumani, yanatazama bandari, na hayako mbali moja na jingine. Sanamu ya Askari iko pale tangu 1927. Bustani ya mimea ya Wajerumani nayo ipo, ina miti mikubwa na kivuli cha bure, kaeni humo mkichoka. Bali kama nia yenu ni soko na pilikapilika, Jumapili siyo siku yake, nendeni Jumamosi.

Kitambulisho, chukueni. Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert yana viingilio viwili, cha mwananchi na cha mgeni, na cha mwananchi ni kidogo. Mle ndani tengeni angalau saa moja na nusu. Mtu anayefika kwenye habari za fuvu la Zinjanthropus, lile lililofukuliwa Olduvai mwaka 1959, akapita kama anapita kwenye duka la viatu, bora angebaki nyumbani.

Chenji. Badilisheni noti kubwa kabla ya kutoka. Konda hana chenji, muuza dafu hana chenji, wa bajaji ndiyo kabisa.

Usafiri. Mwendokasi inawashusha Kivukoni moja kwa moja, lakini msipande saa ambazo watu wanaenda au wanatoka kazini, mtasimama kituoni mpaka hamu ya matembezi iishe. Bajaji na bodaboda mkubaliane bei mkiwa bado mmesimama chini, kabla hamjapanda. Na miezi ya masika, Machi mpaka Mei, mvua ikipiga usiku kucha ulizeni hali ya Jangwani kabla hamjatoka. Maji yakijaa pale barabara ya Morogoro hufungwa, na anayeishi Kimara au Ubungo atalala kwa ndugu.

Picha. Pale Magogoni, Ikulu iko hapohapo jirani na pantoni na soko la samaki. Watu wanajisahau, wanaona bahari nzuri, wanatoa simu. Usipige picha kuelekea Ikulu, usipige picha askari, wala mitambo ya bandari. Geuka upande wa maji na mitumbwi, inatosha.

Pantoni yenyewe ni starehe. Kwa nauli ndogo unavuka mlango wa bandari kwenda Kigamboni, upepo unakupiga, meli kubwa inapita karibu. Ila geti likifunguliwa umati unakimbia, na vibaka wanaijua ile dakika kuliko wewe. Mkoba mbele, simu ndani, mshikane mikono. Msikimbilie nafasi ya mbele, nyuma nako kuna upepo uleule.

Maji ya bahari nayo yana ratiba, na hili sisi tusiokaa karibu na bahari tunaliona dogo mpaka tufike ufukweni tukute bahari imekwenda zake, limebaki tope na majani. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Angalieni mwezi. Ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua, maji yanakwenda mbali sana na kurudi kwa nguvu, na huku kwetu siku hizo hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne. Kwa hiyo siku ya bamvua asubuhi fanyeni mambo ya mjini, ufukweni mfike alasiri. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo yanageuka, maji hujaa asubuhi na tofauti yake ni ndogo. Tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua inapita mita tatu, kwa hiyo msiweke mkoba kwenye mchanga mkaenda kutembea. Kama hamna uhakika, muulizeni mvuvi yeyote pale Feri, kwenye soko la samaki, atawajibu bila kuangalia simu.

Sasa pesa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo niliumiza mtu.

Kabla ya kutoka, tajaneni kiasi. Kwa mdomo, kwa tarakimu. Siyo "nina kidogo", siyo "tutajua hukohuko", siyo "usijali". Sema: nina elfu kumi na tano, na humo nauli ya kurudi ni elfu mbili. Naye aseme yake. Kisha mpange siku kwa yule mwenye kidogo, siyo kwa yule mwenye kingi.

Miaka michache nyuma nilitoka na shoga yangu, tumekua pamoja Tandika, tunajuana mpaka majina ya kuku wa bibi yake. Mimi ndiyo nilikuwa nimepata kazi, mshahara wa pili au wa tatu, na nilikuwa na elfu ishirini na tano mkononi nikijiona tajiri. Tukavuka na pantoni, tukachukua bajaji mpaka ufukwe mmoja wa Kigamboni. Mahali penyewe sipataji. Kijana akatukaribisha, akatuweka chini ya banda la makuti, viti vizuri, maji yamejaa mpaka karibu na miguu. Akaja na sinia la samaki wabichi: "Chagueni wenyewe, akina dada." Mimi nikanyoosha kidole kwenye changu mkubwa. Sikuuliza bei. Shoga yangu akaniangalia, nakumbuka aliniangalia, mimi nikadhani anafurahia samaki. Nikaongeza chipsi, kachumbari, soda mbili, baadaye mbili nyingine, na maji makubwa. Yeye alisema hana njaa sana, nikamwambia acha hizo, leo tunakula.

Hesabu ilipokuja ilikuwa elfu sitini na mbili. Samaki peke yake elfu arobaini, na banda nalo lilikuwa na bei yake, ambayo hakuna aliyetuambia tulipokuwa tunakaa. Nilibishana, kijana akaita mkubwa wake, mkubwa akaja na sauti ya kutosha meza zote zisikie. Mimi mkono unatetemeka kwenye pochi. Shoga yangu akatoa simu yake, akasema taratibu, "Tulia, mimi ninayo," akalipa yote. Nikampa elfu ishirini yangu pale pale, nikamwambia nyingine nitakurudishia mwisho wa mwezi, nikaona yameisha. Tukarudi. Kwenye pantoni hakuongea, alikuwa anaangalia maji tu. Nilifikiri kachoka na jua.

Ile pesa kwenye simu haikuwa yake. Mtaani kwao wanawake walikuwa na mchezo, kila mmoja anatoa kila juma na mmoja anapokea, na yeye ndiye alikuwa anakusanya na kutunza. Jumatatu ilikuwa zamu ya mama mmoja ambaye alikuwa amejipangia kununua cherehani. Jumapili usiku shoga yangu hakuwa na namna, akaenda kuchukua mkopo kwa wale watu wa kausha damu. Anayejua kausha damu hahitaji kuelezwa. Unapewa leo, kesho wameshaanza kuja mlangoni, kila siku, na ukikosa siku moja wanakaa sebuleni kwako au wanaondoka na kitu. Wakaondoka na godoro la wanaye na jiko la gesi. Mimi nilikuja kujua baada ya juma la tatu, siyo kutoka kwake, kutoka kwa mdogo wake niliyekutana naye sokoni.

Nilikwenda kwake jioni ileile. Alikuwa anapikia mkaa nje. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, mimi ni wa kuficha? Akaendelea kupepea jiko, kisha akasema, "Ningekuambiaje, wakati umeshaagiza?"

Lile neno halijanitoka mpaka leo. Alikuwa amekuja na elfu nane. Elfu nane yake ingetutosha wawili pamoja na yangu, kama tungejua. Tulimaliza lile deni pamoja, ilichukua miezi minne, na godoro tulinunua lingine. Lakini kwa muda mrefu alikuwa nikimwambia twende mahali anasema ana kazi.

Siku hizi tunatoka tena, na tunafanya hivi. Tukikutana tu, kabla ya salamu kwisha, kila mtu anataja. Nauli ya kurudi inatolewa kwanza na kuwekwa mbali, kibindoni au kwenye kifuko kingine, na haiguswi hata dafu liwe tamu namna gani. Pesa ya mtu mwingine, ya mchezo, ya ada, ya kodi, ya dawa za mzazi, haisafiri. Kama iko kwenye simu, hamishia kwa mtu wa nyumbani unayemwamini kwa siku ile. Kinachobaki tunakiweka pamoja, mmoja anashika, na kila kinachonunuliwa kinatoka mle. Hakuna wa kumlipia mwenzake, hakuna wa kuona aibu. Siku moja tulikuwa na elfu kumi na mbili wote wawili na tulishinda mpaka jioni.

Na ukifika mahali pa kula, uliza kabla ya makalio kugusa kiti. Samaki huyu bei gani, na chipsi zimo au ni pembeni? Banda mnalipisha? Kiti je? Kuna kiingilio, na kama kipo, ndicho hichohicho kinageuzwa kuwa chakula au ni pesa iliyokwenda? Ukijibiwa "msijali dada, tutaelewana", nyanyuka. Hamtaelewana. Ni haki yako kuuliza, na anayekukunjia uso kwa sababu umeuliza bei amekusaidia kujua usikae.

Kama ni samaki mnataka, Feri iko palepale mnaposhuka. Nendeni asubuhi, boti zikiwa zimeingia na mnada unaendelea, nunueni vibua au changu wadogo, mpeleke upande wa wakaangaji wawakaangie kwa malipo kidogo mliyokubaliana. Pweza naye anauzwa vipande vipande, unakula ukiwa umesimama, na pilipili yake. Jioni kama mko upande wa Masaki na Oysterbay, Coco Beach kuna mihogo ya kukaanga na ile kachumbari yake, watu wawili mnashiba sahani moja ikiwa kubwa. Pale pia ulizeni bei. Watoto wa kupiga picha wakija, mkubaliane ni picha ngapi na kila moja ni kiasi gani kabla ya kupozi, na sema wazi kwamba zile ambazo hukuomba hulipi.

Mengine ni madogo lakini msiyadharau. Bebeni maji kutoka nyumbani, chupa moja kila mtu, Januari na Februari mbili. Kanga moja inafanya kazi ya mkeka, taulo na kivuli. Simu ijae chaji, na namba mbili za watu wa nyumbani ziandikwe kwenye karatasi, kwa sababu simu ikiibwa namba zote zinakwenda nayo. Viatu vya kutembea, na vingine vya kuingilia majini maana chini kuna mawe na miiba. Anayejua kuogelea asimwache asiyejua, na asiyejua maji yasipite magoti, kuna mikondo pale ambayo ukiwa juu huioni. Dawa mnayotumia kila siku msiiache. Mama mwenye mtoto mchanga arudi mapema.

Nyumbani waambie mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Jua likianza kuzama anzeni kuondoka, msisubiri lizame, maana foleni ya pantoni jioni siyo ya kuchezea na daladala za mwisho hazimngoji mtu. Msiachane njiani kwa sababu mmoja anashuka kituo cha mbele. Na mwenzako akinyamaza ghafla katikati ya matembezi, au akisema hana njaa wakati hamjala tangu asubuhi, simama hapohapo, mvute pembeni, umuulize amebakiwa na shilingi ngapi.