King'ora cha moshi kikilia "pii" moja moja

Jamani wenzangu wa maploti na maghorofa ya Nairobi, king'ora cha moshi kikianza kulia "pii" fupi kila baada ya muda, mara nyingi kinadai betri tu. Tafadhali usiking'oe. Weka betri mpya, kisha bonyeza kitufe cha kujaribia mpaka kilie kwa nguvu. Rudia kila mwezi. Vumbi, na hapa kwetu halikosekani, huziba matundu yake, basi yapanguse kwa brashi laini. Tazama tarehe iliyoandikwa mgongoni: kikitimiza miaka 10 kibadilishe, hata kama bado kinalia. Na baridi ya Julai ikikushawishi kuingiza jiko la makaa chumbani, kumbuka king'ora cha moshi cha kawaida hakitambui kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye makaa yakiwaka. Hilo jiko liache nje.